Kongo: Kwa nini watafiti wa maabara ya taifa hufundisha pia chuo kikuu

Tarehe 3 Septemba 2025, wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba mjini Kinshasa, ijulikanayo kwa kifupi chake cha Kifaransa INRB, walipima sampuli zilizoletwa kutoka eneo la afya la Bulape, katika jimbo la Kasaï. Majibu yalionesha Ebola. Siku iliyofuata, Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliutangaza mlipuko huo rasmi. Ulipomalizika tarehe 1 Desemba, ulikuwa umewapata watu 64 na kuwaua 45.

Miaka 49 kabla ya hapo, mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipozuka katika misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, hakukuwa na maabara nchini iliyoweza kuutambua. Damu ya wagonjwa ilisafirishwa kwa ndege hadi Antwerp nchini Ubelgiji, na baadaye Atlanta nchini Marekani. Jina la Ebola lilitolewa na wageni. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa.

Kati ya Yambuku na Bulape yamepita mengi: mashine mpya, fedha za wafadhili, na majengo. Lakini lipo jambo moja lisiloonekana kwa macho, nalo ni utaratibu unaomruhusu mtu mmoja kuwa mtafiti wa maabara ya taifa na papo hapo mwalimu wa chuo kikuu. Mjini Kinshasa, maprofesa kadhaa wa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Kinshasa ndio wanaoongoza idara za INRB. Asubuhi mtu huyo anaweza kuwa mbele ya wanafunzi, na mchana akawa mbele ya sampuli za mlipuko.

Utaratibu huo una maana gani, una faida gani, na udhaifu wake uko wapi? Maswali haya yanazihusu pia nchi zinazopakana na Kongo, kwa kuwa maradhi hayasubiri kugongewa muhuri mpakani.

Mwajiri mmoja au wawili?

Kwa kawaida, maabara ya taifa na chuo kikuu ni vyombo viwili tofauti. Maabara ya taifa huwa chini ya wizara, mara nyingi ile ya afya, kilimo au nishati. Kazi yake ni kuihudumia serikali: kupima, kufuatilia maradhi, kuhifadhi sampuli na kutoa ushauri. Chuo kikuu huwa chini ya wizara ya elimu ya juu. Kazi yake ni kufundisha, kusimamia tasnifu na kutunuku shahada.

Katika ajira ya pamoja, vyombo hivyo viwili hukubaliana kumtumia mtaalamu mmoja. Hutakiwa kuelewana juu ya mambo manne: nani amlipe mshahara, agawe vipi muda wake, nani apime utendaji wake, na matokeo ya utafiti wake yawe mali ya nani.

Wazo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1931, mwanafizikia Ernest Lawrence, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, alianzisha hapo maabara ya kuchunguza kiini cha atomu. Leo maabara hiyo ni mali ya Wizara ya Nishati ya Marekani, lakini inaendeshwa na chuo kikuu hicho hicho, na wanasayansi wake wengi ni walimu. Nchini Ufaransa, mageuzi ya mwaka 1958 yaliunganisha hospitali kubwa na vitivo vya tiba, na tangu hapo profesa wa tiba huwa mtumishi wa chuo na wa hospitali kwa wakati mmoja.

Ujerumani imeenda mbali zaidi kwa kuiandika mifumo hiyo na kuipa majina. Katika mfumo unaoitwa wa Jülich, kutokana na kituo cha utafiti cha mji huo, chuo kikuu humteua profesa na mara moja kumpa ruhusa ya kwenda kukitumikia kituo. Kituo ndicho kinachomlipa, naye hurudi chuoni kufundisha saa chache tu kwa wiki. Katika mfumo wa Berlin, chuo kikuu humlipa profesa mshahara wote, kisha kituo cha utafiti hukirudishia chuo gharama hizo. Tofauti hiyo huonekana kama suala la wahasibu tu, lakini ndiyo huamua nani mwenye sauti ya mwisho siku mtafiti anapohitajika mahali pawili kwa saa moja.

Profesa aliyerudi nyumbani

Nchini Kongo, historia ya utaratibu huu haiwezi kutenganishwa na jina la Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum. Alizaliwa mwaka 1942, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa na kuhitimu mwaka 1969. Alipata shahada ya uzamivu katika elimu ya virusi mjini Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973, kisha akarudi nyumbani kufundisha.

Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu alipotumwa Yambuku mwaka 1976. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, na akanawa kwa maji na sabuni tu. Alirudi Kinshasa pamoja na mtawa mmoja aliyekuwa mgonjwa ili achunguzwe. Kwa miaka mingi baadaye, masimulizi ya ugunduzi wa Ebola yaliyoenezwa duniani yaliwataja zaidi wanasayansi wa Ulaya na Marekani kuliko yeye.

INRB ilianzishwa mwaka 1984. Hata hivyo, jengo peke yake halikutosha. Ebola iliporudi mwaka 1995 katika mji wa Kikwit na kuwapata watu 315, Muyembe aliitambua kwa dalili zake, lakini uthibitisho bado ulilazimika kutoka Atlanta. Maabara ya taifa ilikuwepo, lakini uwezo wa kuyathibitisha maradhi kama hayo haukuwepo.

Huko Kikwit ndiko lilikofanyika jambo ambalo wakati huo lilitiliwa shaka na wengi. Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Wagonjwa 7 walinusurika. Idadi hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha lolote kisayansi, lakini ilizaa swali: je, damu ya aliyepona ina kinga inayoweza kufanywa dawa?

Mwaka 1998 Muyembe aliteuliwa kuiongoza INRB. Hakuacha kuwa profesa. Kuanzia hapo chuo kikuu na maabara ya taifa vilikuwa na daraja la kudumu kati yao, na juu ya daraja hilo walipita vijana.

Pamoja Tulinde Maisha

Jibu la swali la Kikwit lilichukua zaidi ya miaka ishirini. Mtu mmoja aliyenusurika katika mlipuko huo alitoa damu miaka 11 baadaye, na kutokana na damu hiyo watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakishirikiana na INRB, walipata kingamwili iliyopewa jina la mAb114.

Dawa hiyo ilijaribiwa wakati wa mlipuko mkubwa wa mwaka 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo, uliowapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Jaribio lilianza Novemba 2018 katika vituo vya matibabu vya Kivu Kaskazini, likiwa na dawa nne na wagonjwa 681. Liliitwa PALM, na wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kufafanuliwa maana yake: ni kifupi cha maneno Pamoja Tulinde Maisha.

Agosti 2019 jaribio lilisitishwa mapema kwa sababu ya habari njema. Dawa mbili zilionekana wazi kuwazidi wenzake. Miongoni mwa waliopewa mAb114, waliokufa walikuwa asilimia 35, ilhali waliopewa dawa ya kulinganishia walikufa karibu asilimia 50. Mwandishi wa kwanza wa ripoti ya jaribio hilo alikuwa Dkt. Sabue Mulangu, mtafiti wa INRB. Miaka sita baadaye, mAb114 ilikuwa miongoni mwa dawa zilizopelekwa Bulape kuwatibu wagonjwa.

Kazi ya aina hiyo haiwezi kufanywa na maabara peke yake, wala na chuo kikuu peke yake. Maabara huwa na sampuli, mamlaka ya serikali na njia ya kufika kwenye mlipuko. Chuo kikuu huwa na madaktari vijana, kamati za maadili, na desturi ya kuuliza maswali ambayo hayana jibu la haraka. Mtu mwenye nafasi pande zote mbili huvikutanisha vitu hivyo bila kungoja barua ya wizara moja ijibiwe na wizara nyingine.

Kila upande unapata nini

Kwa maabara ya taifa, faida ya kwanza ni warithi. Taasisi isiyofundisha huzeeka pamoja na watumishi wake. Wanapostaafu, ujuzi wao huondoka nao, na mashine hubaki zimefunikwa. Profesa anayefundisha darasani huwaona wanafunzi wenye kipaji mapema, huwapa mada za tasnifu zinazotokana na mahitaji ya nchi, na huwavuta maabarani kabla hawajavutwa na ajira za nje.

Kwa chuo kikuu, faida ni ukweli wa mambo. Mwanafunzi anayesomeshwa elimu ya virusi na mtu aliyerudi jana kutoka kwenye mlipuko hasomi kitu kilekile kinachosomwa na yule anayefundishwa kwa vitabu vya zamani. Pia chuo hupata njia ya kutumia vifaa ambavyo kisingeweza kuvinunua.

Kwa taifa, faida ni uwezo wa kusema na wengine kwa usawa. Wakati wa mlipuko wa Kivu, Muyembe alitangaza kwamba sampuli za damu za Ebola zitabaki Kongo, na kwamba anayetaka kuzichunguza aje nchini. Uamuzi kama huo hauna maana ikiwa hakuna wazalendo wenye elimu ya kuzichunguza sampuli hizo.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa eneo hili ni mpox. Mwishoni mwa mwaka 2023, hospitali ya Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu Kusini, ilianza kupokea wagonjwa wengi, hasa vijana. Kati ya Septemba 2023 na Januari 2024 watu 108 walithibitishwa kuwa na kirusi hicho. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa kwa ushirikiano wa wataalamu wa INRB ulionesha tawi jipya la kirusi, lililopewa jina la Ib, lililokuwa likienea kutoka mtu hadi mtu. Miongoni mwa waliouongoza uchunguzi huo ni Placide Mbala-Kingebeni, mkuu wa maabara ya vinasaba ya INRB na profesa wa Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Onyo hilo lilitolewa kabla ya kirusi kuvuka mipaka. Julai 2024, Burundi, Kenya, Rwanda na Uganda, nchi nne ambazo hazikuwahi kuripoti mpox, zilithibitisha wagonjwa wa kwanza. Tarehe 14 Agosti mwaka huo, Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa.

Mshika mbili

Wahenga walionya kwamba mshika mbili moja humponyoka, na onyo hilo linaihusu ajira ya pamoja waziwazi.

Hatari ya kwanza ni muda. Mlipuko unapotokea, mtafiti huondoka Kinshasa kwa majuma au miezi. Darasa hubaki bila mwalimu na tasnifu za wanafunzi hukaa mezani. Pasipo makubaliano ya maandishi yanayosema nani atashika nafasi yake, anayelipia dharura ya taifa ni mwanafunzi ambaye hakuulizwa.

Hatari ya pili ni malipo. Vyuo vikuu vya umma nchini Kongo vimeshuhudia migomo ya maprofesa ya mara kwa mara kuhusu mishahara. Mahali ambapo mshahara wa umma hautoshi, kazi ya pili huweza kuwa njia ya kuishi, si utaratibu wa kuendeleza sayansi. Zaidi ya hayo, miradi ya utafiti inayofadhiliwa na nje mara nyingi hulipa zaidi ya serikali, na hapo mtafiti hujikuta na mwajiri wa tatu asiyeandikwa popote: mfadhili. Mada zinazochunguzwa zinaweza kufuata fedha badala ya mahitaji ya wananchi.

Hatari ya tatu ni umiliki. Damu iliyozaa mAb114 ilitoka Kikwit, lakini leseni ya kuitengeneza dawa hiyo ilipewa kampuni ya Marekani. Mtafiti mwenye waajiri wawili anapaswa kujua kabla ya kuanza kazi ni chombo kipi kitakachotajwa katika hati ya ugunduzi. Vyombo viwili vya nchi moja vikianza kugombana baada ya matokeo kupatikana, wa tatu ndiye anayefaidika.

Hatari ya nne ni kutegemea watu badala ya mikataba. Daraja lililojengwa juu ya heshima ya mzee mmoja lina nguvu akiwepo. Swali ni litakuwaje asipokuwepo. Kwa upande huu, Kinshasa ina la kujivunia: mbali na Mbala, Profesa Steve Ahuka-Mundeke, mkuu wa idara ya virusi ya INRB, naye anafundisha chuo kikuu. Kizazi cha pili kipo kazini tayari. Hata hivyo, warithi wazuri si badala ya kanuni nzuri.

Mfano wa Entebbe

Uganda imechagua njia yake. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, UVRI, ilianza mjini Entebbe mwaka 1936 kama kituo cha utafiti wa homa ya manjano, na ndiyo iliyohusika na ugunduzi wa kirusi cha Zika mwaka 1947. Mwaka 1988, kwa ombi la serikali ya Uganda, kikosi cha watafiti kilichofadhiliwa na Uingereza kilianzishwa hapo kuchunguza ukimwi. Tangu Februari 2018, kikosi hicho ni sehemu ya chuo cha elimu ya afya na tiba ya nchi za joto cha London. Profesa Pontiano Kaleebu alikiongoza kikosi hicho huku akiwa mkurugenzi wa taasisi ya taifa na profesa wa chuo hicho cha London.

Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ina programu ya pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford huko Kilifi tangu mwaka 1989.

Mifano hiyo imeleta fedha, machapisho na mafunzo ya hali ya juu. Lakini ina tofauti kubwa na ule wa Kinshasa: chuo kikuu kilichoungana na maabara ya taifa kiko ng'ambo. Nafasi za kufundisha na hadhi ya uprofesa zinazotokana na ushirikiano huo zinaweza kukinufaisha zaidi chuo cha mbali kuliko kile kilicho umbali wa kilomita chache. Kinshasa, pamoja na umaskini wake wa vifaa, imekiunganisha chombo cha taifa na chuo cha taifa.

Umbali kati ya Kinshasa na Kivu

Udhaifu mkubwa wa mfano wa Kongo ni jiografia. Maradhi mengi yanayoitisha eneo hili huzuka mashariki, ilhali maprofesa wengi wenye nafasi mbili wako Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma na Bukavu. INRB imefungua tawi mjini Goma, hatua iliyofupisha safari ya sampuli. Lakini Januari 2025, wakati wa mapigano yaliyofikia kundi la M23 kuuteka mji huo, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilieleza wasiwasi wake juu ya usalama wa maabara hiyo na sampuli hatari zilizohifadhiwa humo.

Tukio hilo lilikumbusha kwamba maabara ni watu kabla ya kuwa mitambo. Mitambo iliyo katika mji wenye vita inaweza kukatiwa umeme kwa siku moja. Wataalamu waliofundishwa katika vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi, na wenye nafasi inayotambulika katika maabara ya taifa, wangeweza kuendelea na kazi mahali pengine na kuwafundisha wengine. Kwa sasa, wanafunzi wa tiba wa mashariki wanaotaka kubobea katika elimu ya virusi hulazimika kuitazama Kinshasa au nchi za nje.

Kwa nchi jirani, somo la Kinshasa halihitaji fedha nyingi. Karibu kila nchi ya ukanda huu ina maabara ya taifa ya rufaa na ina chuo kikuu chenye kitivo cha tiba, na mara nyingi viko katika mji mmoja. Kinachohitajika ni wizara mbili kuketi meza moja na kuandika mambo yale manne: mshahara, muda, upimaji wa utendaji, na umiliki wa matokeo. Vikiandikwa wakati wa utulivu, vitakuwa tayari siku sampuli ya kwanza ya mlipuko ujao itakapoletwa mlangoni.